Kuku Wasiokuwepo

Harufu ya kitumbua kinachokaribia kuungua siwezi kuikosea. Kwanza huja iliki, kisha unga wa mchele ulioumuka, halafu ghafla unasikia ukali wa sukari iliyopita kiasi. Nikikutana nayo popote, hata pale mtaani Majengo asubuhi mama lishe wanapowasha majiko, mabega hunipanda yenyewe na macho hukimbilia njiani kuona nani anakuja. Watu wengine wakikumbuka vitafunio vya nyumbani kwao hutabasamu. Mimi huona aibu, na wala si aibu ya umaskini, maana miaka ile baada ya vita vya Kagera sukari, sabuni na khanga vilikuwa adimu kwa kila mtu, na mwenye nacho na asiye nacho walipanga foleni moja kwenye duka la kijiji. Aibu yangu ilikuwa na mzizi mwingine. Kwetu, aliyepika alikuwa baba.

Tuliishi Kilema, chini kidogo ya misheni, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichorithi baba kwa babu. Nilipokuwa mdogo sana baba aliugua kifua kikuu akalazwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Daktari alimkataza kulima na kubeba mizigo. Mama hakuitisha kikao cha ukoo. Alichukua panga akaingia kwenye mibuni, akapogoa, akapiga dawa, akachuma, akabeba magunia mpaka chama cha msingi. Kwa kuwa watoto walipaswa kula, na kwa kuwa mtu hawezi kushinda ameketi akihesabu mbavu zake, baba aliingia jikoni. Huko wodini alikuwa amejifunza mambo mawili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mtu wa Tanga, alimfundisha vitumbua, na walipoagana akampa kikaango chake cha mashimo. Na sista mmoja mzee, aliyeamini kwamba mikono isiyo na kazi huchelewesha kupona, alimfundisha kufuma kwa sindano ya kroshia.

Nikisema baba alipika, msidhani alikuwa akibabaisha chai na mayai. Mama akipata mchele kidogo kwa wanawake wa Mabogini, waliokuja sokoni kuubadilisha na ndizi, baba aliuloweka usiku, akautwanga, akauumua, na asubuhi tuliamka tukaikuta harufu ile imeshafika vitandani. Mchele ukikosekana, aliponda ndizi mbivu na unga wa njano wa msaada, ule ambao kila mtu aliulalamikia, akafunga donge kwenye jani la mgomba na kulifukia kwenye majivu ya moto. Ulilifungua jani ukakuta mkate mweusi pembeni, laini katikati, mtamu bila hata chembe ya sukari. Jioni alitupikia vyakula vyepesi vya siku za kazi: kiburu cha ndizi na maharage, mtori mwepesi, au ugali na mboga ya mnafu iliyotiwa maziwa. Alisemezana na sufuria, akiikemea ikichemka kwa pupa. Mama akirudi na mikono ya buluu kwa mrututu, dawa ya kahawa, baba alimmiminia maji anawe, kisha akamfunulia sahani aliyomfunikia. Nilikuwa naona vizuri kwamba mama alipenda jambo hilo, na pia kwamba aligeuka kwanza kutazama kama kuna mtu njiani.

Baada ya kuosha vyombo, baba alifuma. Nyuzi hazikununuliwa dukani, zingetoka wapi? Magunia ya unga yalifungwa mdomo kwa uzi wa pamba, na ukiujua upande wa kuanzia, unavuta mara moja unafumuka wote. Mama aliziomba nyuzi hizo kwa mwenye duka, akidai ni za kufungia kuni. Baba aliziosha, akazianika nyuma ya zizi, akazifuma vitambaa vya viti na meza, vyenye nyota katikati na ncha zilizochongoka pembezoni. Alinifumia pia kofia, na kutoka kwenye pajama zake za hospitali alinishonea kwa mkono mfuko wa shule wenye mistari. Wenzangu shuleni walipousifu nilisema ni kazi ya mama. Hakuna aliyenifundisha kusema hivyo.

Maana huko kwetu mwanamume alichinja mbuzi, akagawa nyama kwa mpangilio wa ukoo, hata akaichoma, na hakuna aliyemcheka. Lakini chungu cha kila siku na mafiga yake vilikuwa vya mwanamke, na mwanamume aliyeonekana kuyazoea alitungiwa maneno. Sisi tulitungiwa. Dada yangu Felista alipochumbiwa mara ya kwanza, posa iliyeyuka kabla hata pombe haijaletwa, na baadaye tukasikia sababu: mtu alikuwa amewaambia wakwe kwamba katika nyumba ile jogoo hutaga. Dada alilia siku nzima. Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu. Nilikabidhiwa kukaa kwenye uzio wa masale mahali njia inapopindia kwetu, na nikiona mgeni anapanda, nipaze sauti kama anayefukuza kuku: "Shii! Shii!" Hapo baba aliachia mwiko, akafuta mikono, akavaa koti na kuketi kwenye kiti cha sebuleni. Mama, popote alipokuwa, alikimbia akajifunga kitenge na kuchuchumaa mekoni. Mgeni alipopiga hodi alikuta nyumba kama nyumba za watu. Kuku wetu walikuwa watatu, na mara nyingi nilipowafukuza walikuwa wamelala kivulini upande wa pili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi sote mle ndani tulikuwa kata. Nilikuwa binti wa miaka kama tisa na niliifanya kazi ile kwa bidii kubwa. Niliona aibu kwa ajili ya baba, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Posa ya pili ilikuja msimu wa kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa. Kijana alikuwa mwalimu, na dada alimpenda, hilo hata mimi nililijua kwa jinsi alivyofua gauni lake moja kila mara. Wageni walisema watafika alasiri. Walifika mapema mno. Niliwaona wakivuka mfereji: mzee msemaji wao na bakora yake, wanaume wawili, mvulana amebeba kibuyu cha pombe ya mbege, na nyuma yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye kikapu. Nilipaza sauti mpaka koo likauma. Baba alikuwa ndio kwanza amemimina uji wa vitumbua kwenye mashimo. Aliuacha hivyo hivyo, akaenda kitini.

Shangazi hakukaa sebuleni. Baada ya salamu aliingia moja kwa moja jikoni, kama wanawake wafanyavyo, akavuta kigoda karibu na mama. Nilisimama mlangoni nikingoja sahani. Mama, aliyeweza kubeba gunia la kahawa bila kupumzika, alishindwa na kitumbua. Alivigeuza kwa kijiko badala ya kijiti, vikapasuka, vingine vikang'ang'ania chini, na harufu ile ikaanza kupanda. Nilipopeleka maji ya kunawa sebuleni nilimkuta baba amenyooka kitini, anamsikiliza mzee msemaji akieleza habari za mvua, huku vidole viwili vya baba juu ya mkono wa kiti vikizunguka polepole, vinageuza. Alikohoa. Jikoni mama alikielewa kile kikohozi akaupunguza moto, lakini alikuwa amechelewa.

Wageni walikula hata hivyo, walikuwa watu wa adabu. Mambo yalianza kwenda vizuri. Mbege ikazunguka, dada akaja kusalimia akapiga goti, na mzee msemaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo shangazi akashika kitambaa kilichokuwa nyuma ya kiti chake, akakigeuza huku na huku, akauliza ni kazi ya nani. Mama alijibu kwamba ni yake. Shangazi akafurahi sana, akafungua kikapu, akatoa sindano ya kroshia na uzi.

"Hii nyota imenishinda, mae," alimwambia mama. "Nianzishie tu hapo katikati, nikamwonyeshe binti yangu."

Mama aliipokea sindano akaishika kama mtu aliyeshikishwa msumari. Akauzungusha uzi kidoleni, ukatoka. Akauzungusha tena. Dada mlangoni akainamisha uso. Niliyatazama mashavu ya mama yakibadilika, nikaona neno lile la jogoo linarudi, linapanda mlima na kuingia nyumbani kwetu kwa mara ya pili. Sikufikiri. Mimi mlinzi wa uzio, mfukuza kuku, nilitaka tu mama aache kuteseka.

"Mama hajui," nilisema. "Anayefuma ni baba. Hata vitumbua vizuri hupika baba."

Mzee msemaji aliweka kata chini. Alimgeukia baba na tabasamu ambalo halikuwa limeamua bado liwe la namna gani, akamuuliza: "Mbe, mtoto anasema kweli?"

Baba alinitazama. Nilizijua nyuso zake zote, za kukemea sufuria na za kuonja chumvi kiganjani, lakini ule sikuwahi kuuona. Kisha akacheka.

"Huyu ana uongo tangu azaliwe," alisema. "Mimi nishike sindano? Muombe shangazi radhi."

Kicheko kilizuka chumba kizima, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mama akapata upenyo, akasema vidole vyake vimekufa ganzi kwa dawa ya kahawa, na shangazi akamwonea huruma, akamsugua kiganja. Nilipiga goti mbele yake nikasema nimesema uongo, anisamehe. Wanasema njia ya mwongo fupi. Ya kwetu siku ile ilikuwa pana, na tuliipita wote kwa pamoja, mimi nikiwa mbele. Shangazi alinishika kichwa akasema watoto ndivyo walivyo. Posa ikapokewa.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa linazama. Nilikwenda kujificha jikoni kwa sababu sikutaka kumwona mtu, nikamkuta baba ameshavua koti, anakwangua vitumbua vilivyoungua kwa mgongo wa kisu. Nilitegemea anipige, au anibembeleze. Alikwangua kimoja mpaka kikabaki cheupe, akanipa. Nilikila huku machozi yakikitia chumvi. Alikohoa kwa muda mrefu, moshi ukimzonga, kisha akasema bila kunitazama: "Leo uliwafukuza kuku vizuri, mama." Hakuliongelea tena jambo lile maisha yake yote.

Dada aliolewa. Siku ya harusi watu walimsifu mama kwa vitambaa vilivyopamba meza kuu, na baba alikuwa ameketi pale pale, amevaa suti ya kuazima, akipiga makofi pamoja na wengine. Alipofariki, wasifu uliosomwa makaburini ulimtaja kuwa mkulima hodari wa kahawa. Mkulima hodari alikuwa mama, amesimama pembeni na mikono yake mipana imefumbatwa tumboni. Mimi na dada hatukutazamana. Vitambaa vile bado vipo nyumbani kwa dada, vyeupe kama vilivyokuwa, na wajukuu wake wanaambiwa ni kazi ya mama mzazi wa bibi yao. Tuliona ni rahisi kuacha hivyo. Ni aibu, najua, na nimezeeka nayo.

Sasa naishi mjini Moshi, na Desemba mwanangu hupanda kutoka Dar es Salaam pamoja na watu wote wanaorudi kula sikukuu. Ni mhandisi, ana ndevu na kitambi, na anapenda kupika kuliko kitu chochote. Hupika akijipiga video kwa simu, akieleza namna ya kukaanga vitunguu, na watu asiowajua humwandikia sifa. Huninunulia aproni ya zawadi, kisha anaivaa mwenyewe. Namtazama na kufurahi, na ndani ya furaha hiyo kuna kitu kinanichoma, kwa sababu naye huonja chumvi kiganjani na hakuna aliyemfundisha.

Sikukuu iliyopita alikuwa jikoni akikaanga vitumbua, nami niko uani nachambua maharage. Geti likalia. Niliona kupitia upenyo wake wazee wawili wa jumuiya yetu, mmoja na bakora. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama, maharage yamemwagika, mikono juu, napaza sauti: "Shii! Shii!"

Ua wangu ni saruji tupu. Sijafuga kuku tangu nihamie mjini. Mwanangu alichungulia dirishani, aproni kifuani na kijiti cha kugeuzia mkononi.

"Mama, unafukuza kuku gani?"

Wazee walikwishaingia, na yeye akatoka kuwapokea hivyo hivyo alivyo, akiwapa shikamoo, unga umemkaa kwenye ndevu, nao wakacheka, wakamshika mkono, wakamuuliza leo anawapikia nini. Nilibaki nimesimama, mikono bado iko hewani. Kufikia hapo, baba angekuwa ameshafika kitini.