Tairi Jembamba, Mkwe na Kuku

Majina yote ninayo kichwani, hata ya ng'ombe wa mahari yangu. Lakini la mkwe wangu halitoki kinywani. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe hawatajani, hawatazamani, wala hawasemeshani ovyo. Basi na wengine sitawataja, wasije wakanuna.

Jumapili ile mkwe alinifuata Shinyanga alfajiri anipeleke Kalangalala, Geita. Mtoto wake alikuwa anabatizwa, na binti yangu alishasema bibi atakayewahi kanisani ndiye atakayembeba mbele ya mchungaji. Bibi mwenzangu, mama mzazi wa mkwe, alifika tangu Ijumaa, na kitenge kipya.

Nilikaa nyuma, uso dirishani, kuku wa zawadi mapajani. Tulipoipita Kahama, tairi la nyuma likapata pancha. Mkwe akashuka, akalizunguka gari mara mbili. Nikaijua shida yake: spea ilikuwa chini ya zulia la buti, juu yake gunia langu la michembe, viazi vitamu vya kukausha, na kuniomba hawezi. Mwishowe akainama dirishani, akamtazama kuku.

"Kuku, mwambie mama nashusha mzigo wake."

"Kuku, mwambie ashushe. Ila asiikalie michembe yangu."

Alichotoa sikukiamini. Malori ya pamba ya ujana wangu, spea ilikuwa tairi kamili, ndugu wa yale mengine, ukishaifunga unasahau. Hili lilikuwa jembamba kama la pikipiki, rimu ya njano. Nilidhani kaibiwa dukani. Nikamuuliza kuku. Kuku akaelezwa kwamba magari madogo ya siku hizi huja hivyo, kubana nafasi na uzito. Tairi lenyewe ni la kukufikisha kwa fundi tu. Na mafundi Jumapili walikuwa wamefunga.

Shule niliachia darasa la pili, ila namba nazijua, na ubavuni liliandikwa 80. Mkwe, kwa kuogopa nichelewe, akapita mwendo wa mia. Gari likaanza kwenda upande kama ng'ombe mwenye kwato mbovu. Nikinyamaza, huenda nikambeba mjukuu. Huenda pia tusifike.

"Kuku, mwambie tairi limeandikwa themanini. Mtoto abebwe na bibi mwenzangu, basi."

Akapunguza. Bodaboda iliyopakia kitanda ikatupita.

Tulipoingia kanisani, watoto wote walikuwa wameshabatizwa isipokuwa wetu. Bibi mwenzangu alikuwa akiwapisha wenzake mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake mbele, mchungaji akimsubiri. Akanipakatisha mjukuu bila salamu.

"Mmekuja kwa miguu?"

"Afadhali miguu," nikamjibu, nikamkabidhi kuku. Kuku akaitikia amina kabla yetu sote.

Mchana binti yangu akatafuta kisu. Mkwe akamwita kando, akamwambia kuku huyu asiguswe. Kesho yake alikuwa ananirudisha Shinyanga, na garini tungekuwa wawili tu.