Kikombe kwa Kila Sala

Nimeua vitu vingi maishani mwangu, kuku hasa, na sikumbuki hata mmoja. Lakini begonia saba za mama yangu nazikumbuka moja moja, na chungu ambamo kila moja ilifia.

Tulizikuta ndani ya nyumba. Baba alikuwa karani wa serikali mjini Kakamega, na uhuru ulipokuja alipandishwa cheo akapewa nyumba iliyohamwa na Mzungu wa idara ya mifugo. Yule Mzungu alibeba kila kilichobebeka, hata balbu za taa, ila aliacha vyungu saba vya maua kwenye baraza lenye madirisha ya vioo. Baba alitaka kuvitupa ili aweke baiskeli yake. Mama akasema baiskeli haifi ikilala nje. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akimpinga baba mbele yangu, na baba alishangaa mno hata akasahau kukasirika.

Jina la begonia nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Mama aliyaita maua hayo masikio, kwa sababu majani yake hayalingani pande mbili: upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, na ukiligeuza jani, nyuma ni jekundu. Hakuna aliyemfundisha kuyatunza. Aliyaangalia tu, siku baada ya siku, mpaka akajua. Hakuyaanika juani. Udongo aliutoa msituni, ule mweusi wa majani yaliyooza, akauchanganya na mchanga. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole chunguni hadi kwenye kiungo cha pili. Kikitoka na ubichi, aliweka maji chini akaenda zake. Wakati mwingine wiki nzima ilipita bila tone. Na jani likivunjika hakulitupa. Alilikata mishipa ya mgongoni kwa wembe, akalilaza juu ya mchanga katika kopo la mafuta ya kupikia, akalikandamiza kwa vijiwe. Baada ya wiki nyingi vijani vidogo vilichipuka palepale penye majeraha.

Naeleza haya kana kwamba nilifundishwa. Sikufundishwa, na sikuuliza. Nilikiona kile kidole kikiingia na kutoka, nikadhani mama anapenda tu kuchezea udongo.

Mwaka wa pili wa uhuru, wakati wa mvua ndefu, miguu yake ilianza kuvimba. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Akawa anahema akitoka jikoni kwenda barazani, halafu akashindwa hata kulala chali, na baba akampeleka hospitali akalazwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wao wa pekee. Akiwa mlangoni, kanga mbili mabegani na jasho usoni, aliniambia, "Nitunzie masikio yangu mpaka nirudi."

Nilichosikia ni kwamba yakiishi, atarudi. Hakusema hivyo, lakini hakuna mtu angeweza kunitoa katika imani hiyo.

Nyanya yangu mzaa baba, kukhu kama tulivyomwita, alikuja kutoka Iguhu kututunza. Alisimama barazani, mikono kiunoni, akavitazama vile vyungu kwa dharau ya mtu aliyelima maisha yake yote.

"Hii kitu yenu inakulanga nini?"

"Maji tu, kukhu."

"Basi mpatie. Kitu ya mgonjwa hainyimwangi."

Kwetu watu hawaendi kuomba mikono mitupu. Jumapili kanisani waumini walipeleka ndizi, mayai, hata kuku aliyefungwa miguu akilalamika katikati ya mahubiri. Mimi sikuwa na ndizi wala kuku. Nilikuwa na kikombe cha bati cha mama, cha buluu, kilichomeguka ukingoni, na bomba la maji lililokuwa nje ya jikoni. Nikafanya mapatano na Mungu bila kumshirikisha mtu: kila nikimwombea mama, kila chungu kitapata kikombe kimoja. Asubuhi kabla ya shule, mchana, na jioni kabla ya chakula. Sikuruka hata mara moja. Nilijiona mtakatifu kabisa.

Jumapili ya kwanza nilimweleza mama. Alikuwa ameketi kitandani, amezungushiwa mito, na kwenye meza ndogo kulikuwa na glasi ya maji nusu. Daktari alikuwa amempimia maji ya kunywa, maana yalikuwa yakimjaa mwilini.

"Kila sala?" akauliza.

"Kila sala, mama. Vyungu vyote."

 Akanishika mkono, vidole vyake vimevimba hata pete imezama. "Basi usiache, mwanangu."

Sikuacha. Majani yalipoanza kuwa ya manjano nilidhani ni kiu, nikaongeza sala ya alfajiri. Mashina yakalegea, yakawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na baraza likaanza kunuka. Ua la chungu cha kwanza lilianguka Jumatano moja. Nilipong'oa shina lilitoka bila mzizi, limebaki uteute mkononi. Nililitupa nyuma ya jikoni, nikaomba mara mbili, nikavimwagilia vilivyobaki mara mbili.

"Masikio yangu yanaendeleaje?" mama aliuliza Jumapili iliyofuata.

"Vizuri sana, mama."

"Lile kubwa limetoa maua?"

"Limetoa. Ya waridi." Lile kubwa lilikuwa limekufa siku nne kabla.

Nilijifunza kudanganya vizuri. Kila Jumapili nilimpelekea habari za machipukizi, rangi zake, ni lipi limepita lingine kwa urefu. Mama aliuliza moja baada ya jingine, mimi nikajibu bila kusita, na baba akiwa kando akakazia macho kofia yake. Alijua. Kufikia Jumapili ya nne kilibaki chungu kimoja, na hicho kilikuwa na majani mawili.

Siku hiyo mama akasema, "Mara nyingine niletee jani moja nilione."

Nilichuma lililokuwa na nafuu, nikalipaka mafuta kidogo ya kupikia ili ling'ae. Mama alilipokea, akaligeuza, akabinya kikonyo kwa kidole gumba. Maji yakatoka. "Zuri," akasema, na akaliweka kwenye sahani kando ya dawa zake. Nilishusha pumzi. Tukaendelea kuzungumza habari za bustani ambayo haikuwepo, na tulifanya hivyo Jumapili zote zilizobaki. Natamani sana ningepewa hata nusu ya moja ya zile Jumapili tena, nizungumze naye kitu cha kweli.

Alifariki Alhamisi moja asubuhi. Tulimzika Iguhu, nikanyolewa nywele pamoja na jamaa wengine kama desturi, na tuliporudi mjini baba alinichukua twende hospitali kufuata vitu vyake. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alitukabidhi kanga, Biblia, na kopo la mafuta ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na mchanga, na juu ya mchanga lile jani langu. Sehemu iliyooza ilikuwa imekatwa kwa wembe. Mishipa ilikuwa imechanjwa, vijiwe vimepangwa. Penye chanjo moja palikuwa na kijani kidogo, kidogo kuliko ukucha.

"Alikuwa anajua?" nikauliza.

"Tangu ile siku ulimwambia mambo ya kikombe," akasema. "Mimi nikamwambia, si umwambie huyu mtoto apunguze maji? Akasema, nikimwambia apunguze maji atapunguza na maombi, na maombi bado ninayataka."

Nililipeleka kopo nyumbani, nikaliweka dirishani barazani. Kila asubuhi nilichomeka kidole changu mchangani, nikaukuta mkavu, na kikombe cha buluu kilikuwa palepale. Sikuweza kukishika. Kabla ya Krismasi kile kijani kilikuwa kimekauka, na baba akaingiza baiskeli yake.