Sinema Iliyomtenga Bibi

Wenzangu wana mabibi waliowahi kuzaa mapacha au kukimbizwa na nyati. Mimi nina bibi aliyetengwa na kanisa kwa kosa la kwenda sinema. Nikisimulia darasani hawaniamini, na siwalaumu, maana ni mimi huyu huyu niliyewaambia kidato cha kwanza kwamba kwetu Kijenge niliwahi kumkuta chui chooni. Lakini hili la Bibi ni kweli tupu. Nitalisimulia bila kutia chumvi, labda pale tu litakapokosa ladha kabisa.

Kwa asiyejua: kwa Bibi, huku juu kwenye migomba na kahawa ya Meru, kutengwa maana yake huruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana. Ibadani unakuja, unaimba, sadaka unatoa (sadaka yako haitengwi), ila wenzako wakienda mbele kupokea mkate na divai, wewe unabaki benchi pamoja na watoto. Ukitaka kurudi kundini unasimama mbele ya usharika, unataja kosa lako, unasema unajuta, unaombewa, yamekwisha. Kuna watu wametengwa na kurudi mara tatu, wamezoea kama kwenda kliniki. Bibi alitengwa akiwa msichana, mama yangu hajazaliwa wala hajafikiriwa. Mpaka mwaka huu alikuwa bado yuko benchi.

Na Babu, aliyempeleka huko sinema? Babu alitubu Jumapili iliyofuata. Ibada ya kwanza, ile ya asubuhi.

Kwa hiyo nimekua nikiona kitu kile kile kila siku ya Meza ya Bwana. Babu anasimama, anaiweka kofia yake mapajani kwa Bibi, anakwenda mbele, anarudi, anachukua kofia, halafu anamshika Bibi mkono. Haachii mpaka wimbo wa mwisho. Nilipokuwa mdogo nilidhani kile ni kipande cha ibada, nikawa namwekea mdogo wangu soksi mapajani.

Babu alifariki mwaka juzi. Niseme hapa kwamba Bibi huniita mke mwenza, kwa kuwa katika utani wetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu alipokuwa hai tulimgombania sana, mimi na Bibi, hasa wakati wa nyama. Alipoondoka tukabaki wajane wawili, mmoja ana miaka sabini na kitu, mwingine ana mtihani wa kemia.

Likizo ya mwezi wa sita nilipanda kwake. Jumapili hiyo kulikuwa na Meza ya Bwana. Watu walipoanza kusogea mbele, nilimwona Bibi ameweka mikono mapajani, viganja vikiangalia juu, kama mtu anayesubiri kupokea kitu. Hakuna aliyempa kitu. Siku nzima hakunitania hata mara moja. Jioni, tukimenya ndizi, akasema:

"Mke mwenzangu, nataka kula pale alipokuwa anakula mwenzetu."

"Si uende tu, Bibi. Useme unajuta, yaishe."

"Sijuti."

"Hata kidogo?"

"Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Nitasimamaje mbele ya Mungu nimdanganye kwamba ilikuwa mbaya?"

Kesho yake tulikwenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana, ana pikipiki na ndevu zisizoelewana. Alicheka kwa upole. "Bibi, hilo lilishapita. Hata mimi naangalia tamthilia. Jumapili ijayo njoo mbele tu, hakuna atakayekuuliza."

"Nilitolewa mbele ya watu," Bibi akasema. "Nitarudi mbele ya watu."

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa pale, rika la Bibi, akadakia: "Basi useme unajuta sinema, dada. Maneno mawili tu hayo."

"Wewe sema yako," Bibi akamjibu. "Unayo mengi."

Tukarudi nyumbani hatujapata kitu. Njiani nikamwomba anisimulie, tangu mwanzo, na akasimulia huku akisimama kila penye kivuli.

Enzi hizo, kwa maneno yake, sinema haikuwa kitu cha kutoa mfukoni. Ilikuwa nyumba. Mjini zilikuwepo za ukuta na paa, zina ngazi na pazia kubwa, chini viti vya mbao, juu viti vya sponji vya wenye nazo. Kanda za filamu zilikuja kwenye mabati ya duara, juu ya basi, zikitokea mji mwingine ambako nako zilikuwa zinaoneshwa, na basi likichelewa ukumbi mzima ulikaa gizani ukipiga miluzi. Babu aliwahi kusikia kwamba Dar kuna sinema ya uwanjani, watu wanaangalia wakiwa ndani ya magari yao. Bibi aliuliza swali moja tu: "Na mwenye punda?"

Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, kile chumba cha mabati chenye televisheni moja na benchi kumi, ambako jamaa mwenye sauti nzito anakutafsiria filamu na kuongeza matusi yake. Kwa hiyo nikamuuliza nani aliwatafsiria.

"Hakuna. Ilikuwa picha ya Kihindi. Kila mtu alijitafsiria."

"Mlielewa nini sasa?"

"Babu yako alielewa kwamba yule baba alikuwa mkulima mwenzake. Mimi nilielewa kwamba wanapendana. Halafu mvua ikanyesha. Kubwa! Na yule binti akatoka nje akaimba. Nikamwambia babu yako, huyu ana akili kweli? Mvua inanyesha anaimba, kahawa yake nani anaianua?"

Kwao, mvua ikidondoka tone moja unakimbia kuanua kahawa kwenye vichanja, hata kama umeshika mtoto. Yule binti hakukimbia. Alisimama akalowa, akaimba. Bibi anasema alikuwa hajui kama mtu anaruhusiwa.

Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda mjini kununua uzi wa kushonea sare za kwaya. Aliununua mbio mbio baada ya picha, duka likifungwa, akachukua mwekundu badala ya mweupe. Lakini kilichomponza si uzi, ni wimbo. Ule wa mvua ulimwingia. Akawa anauimba akichuma kahawa, maneno hana, tuni tu. Mwisho akautilia maneno ya kumshukuru Mungu kwa mavuno, akawafundisha kwaya. Wakauimba Sikukuu ya Mavuno, mikungu ya ndizi imejaa mpaka mlangoni. Kanisa likasimama. Mwinjilisti aliyewaongoza enzi hizo akaomba urudiwe.

Sasa, nyuma kabisa alikuwa amekaa fundi cherehani kutoka mjini, aliyeleta zile sare zenye nyuzi nyekundu. Kwaya ilipoanza kurudia, fundi akashindwa kujizuia. Akaitikia. Kwa Kihindi. Maneno yote, mpaka na ile miluzi ya ukumbini.

Alipofika hapa nilikaa chini barabarani nikacheka mpaka ng'ombe wa watu wakanikwepa. Bibi naye alicheka. Lakini nilipouliza, "Kwa hiyo wakakutenga kwa sababu ya tuni tu?" akasema twende, jua kali.

Mimi si mtu wa kuachia jambo. Nikamshawishi tushuke mjini Jumamosi, aione ile nyumba yenyewe. "Ukiiona ukajuta, tumemaliza. Usipojuta, nakununulia soda." Akavaa kitenge chake cha misiba na harusi.

Jengo lipo, ila siku hizi linauza magodoro na vyombo vya plastiki. Bibi alipoingia alisita, kisha nikaona miguu yake inashuka yenyewe, kama inakumbuka. Sakafu ya sinema ina mtelemko, ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele, na mwenye duka hajawahi kuisawazisha. Mapipa ya maji yamewekewa mawe yasije yakabingirika hadi ukutani. Juu ya mlango, karibu na dari, kuna vitundu viwili vya mraba vilivyopigwa ubao. Bibi akaniambia mwanga ulitokea pale, na moshi wa sigara ulikuwa unaogelea ndani yake.

Akahesabu kitu kichwani, akaenda hadi kwenye rundo la magodoro, akakaa, akautazama ule ukuta mtupu.

Kijana wa duka akaja. "Shikamoo Bibi. Hilo ni inchi nane, halibonyei hata ukae miaka kumi."

"Marahaba. Nyamaza kwanza mwanangu, picha imeanza."

Kijana akaniangalia. Nikamwashiria akae, akakaa juu ya ndoo. Tukatazama ukuta watu watatu, kwa heshima. Sijui wao waliona nini. Mimi nilimwona Babu, kijana, koti limembana, anashindwa kutazama mbele kwa sababu anamtazama aliyekaa pembeni yake.

"Bado hujuti?" nikanong'ona.

"Sijuti."

"Bibi, wale kwaya ulipowafundisha, uliwaambia umeutoa wapi?"

Nilitaka kuchokoza tu. Mimi ni mtaalamu wa uongo, nilitaka kujifunza ufundi. Lakini Bibi akawa anapapasa plastiki ya godoro.

"Niliwaambia nimeota."

"Umeota?"

"Kwamba malaika alikuja usiku akanifundisha."

Nikaangua kicheko. Kijana wa ndoo naye akacheka. Bibi hakucheka.

"Mwinjilisti alilia," akasema. "Siku nilipomwambia. Mzee yule alitembea kwa miguu miaka yote, mvua na matope, kutuhubiria. Alilia kama mtoto. Akasema, kumbe Mungu anatukumbuka na sisi wa huku. Akawatangazia watu. Halafu yule fundi akafungua mdomo. Kanisa zima lilicheka. Hawakunicheka mimi, mke mwenzangu. Walimcheka yeye."

Kicheko kikanikauka. Nikamkumbuka mwalimu mmoja wa shule yetu, lakini hiyo si habari ya leo.

"Hakutaja ndoto alipokuwa ananitenga. Alisema sinema tu. Nadhani hata kuitaja aliona aibu. Na mimi nikashika hapo hapo, kwenye sinema, kwa sababu kwa hilo sikuwa na kosa. Nimekaa benchi miaka yote hii nikishindana na marehemu mwinjilisti."

Kijana wa duka alimsaidia kuinuka. Soda niliyomwahidi Bibi alikataa niinunue, akatoa ya kwake. Hakuuza kitu siku ile, ila alimfungulia Bibi mlango kama mtu wa viti vya juu.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata nilipanda tena, sare ya shule mwilini kwa sababu nguo nyingine zilikuwa chafu. Bibi alikuwa amebeba mfuko, hakusema una nini. Wakati wa matangazo mchungaji akasema kuna mama yetu anataka kurudi kundini. Bibi akaenda mbele. Alisimama mdogo sana pale, kitenge kimenyooka. Yule mzee wa kanisa alikuwa ameshainamisha kichwa kusikia habari za sinema.

"Niliwekwa nje kwa ajili ya sinema," Bibi akasema. "Kuhusu sinema sina la kusema, ilikuwa nzuri."

Mabenchi yakaguna. Mchungaji akajishika ndevu.

"Lakini niliwaambia nimefundishwa wimbo na malaika. Haikuwa kweli. Nilimdanganya mwinjilisti wetu, akaamini, mkamcheka. Alikuwa mtu mzuri. Hilo ninalijutia. Ninalijutia sana, na nimechelewa kumwambia."

Nje kuku wa sadaka, waliokuwa wakisubiri mnada, walikuwa wanagombana. Wajukuu wa mwinjilisti wamo usharikani, namjua mmoja wao, alikuwa akiangalia sakafu. Kisha bibi mmoja kwenye benchi la mbele, aliyekuwa kwenye kwaya ile, akaanza kuimba taratibu ile tuni ya mvua, kwa maneno ya mavuno. Anayakumbuka yote. Wakadakia wazee wengine wawili watatu, sauti zinakwaruza. Mchungaji hakuwazuia. Akamwekea Bibi mkono kichwani, akaomba.

Ulipofika wakati wa kwenda mbele, Bibi alikuwa amekaa tena pembeni yangu. Akafungua mfuko, akatoa kofia ya Babu. Aliifuta kidogo kwa kiganja, akaiweka mapajani mwangu, akainuka akaenda.

Nimewahi kushika vitu vingi nisivyopaswa kushika, ikiwemo kengele ya shule saa nne asubuhi. Sijawahi kushika kitu kwa uangalifu vile.

Akarudi. Akakaa. Akachukua kofia, akanishika mkono, mkono wake mkavu una harufu ya kahawa. Nikamsubiri aseme jambo kubwa. Aliinama sikioni mwangu.

"Mke mwenzangu, divai yenyewe ni tone moja! Hicho ndicho alichokuwa ananiringia miaka yote?"

Nikabana kicheko, machozi yakanitoka kwa upande mwingine. Hakuniachia mpaka wimbo wa mwisho.