Jiko Lililochemsha Haraka Mno

Dada yangu ni fundi wa majiko ya umeme, na kwa ubishi hana mpinzani. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe: koili, ule waya wa moto, ikikatika, kata kipande kilichoungua, vuta ncha zikutane, zisokote, maisha yaendelee. Miaka kumi na moja amekula kwa jasho hilo. Mimi, mdogo wake, mwalimu wa hesabu, sikuwahi kutia neno.

Siku moja mwenye mkahawa wa mtaani, mteja wake mkubwa, aliingia na jiko kwapani. Mara ya tatu ndani ya mwezi. Safari hii plagi ilikuwa imeyeyuka, nusura iunguze ukuta.

“Fundi, nimekuvumilia sana,” alisema. “Likirudi tena, kazi zangu zote nampelekea yule wa barabarani.”

Alipotoka tu, dada akaanza. “Umeme wake ndio mbovu! Jiko halina neno. Tena nikishalitengeneza linachemsha maji haraka kuliko lilipokuwa jipya.”

Hapo nikashindwa kujizuia. “Lipate wapi nguvu ya kulishinda jipya? Au ulilinywesha dawa?”

Alininunia, lakini neno lilimwingia. Alisokota koili kama kawaida, akachomeka jiko, akachukua mita yake ya kubana waya, ambayo siku zote aliitumia kuhakikisha tu kwamba umeme upo. Volti mia mbili arobaini. Ampea sita.

“Zidisha,” nikamwambia.

Aliandika juu ya boksi: wati elfu moja mia nne na arobaini. Kibandiko cha jiko kilisema elfu moja.

“Sasa gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani, yaani kizuizi cha umeme.”

Omu arobaini. Tukapiga hesabu ya jiko likiwa jipya: wati elfu moja kwa volti zilezile, ampea nne na ushee, omu karibu hamsini na nane.

“Lakini waya si nimeupunguza?” aliuliza. “Waya ukipungua, moto si unapungua?”

“Umepunguza kizuizi, dada. Umeme unapita mwingi zaidi.”

Aliketi juu ya kigoda. “Kila nikikata, nalizidishia mzigo,” alisema. Niliona aibu. Kanuni hiyo naiandika ubaoni kila mwaka, na sikuwahi hata mara moja kuinama kutazama anachofanya dada yangu.

“Weka koili mpya, unyamaze,” nilimshauri. “Nani atajua?”

“Wewe darasani hunyamazi, mimi ninyamaze kwa nini?”

Asubuhi tulilipeleka pamoja. Koili mpya ilivuta ampea nne na ushee, sawasawa na hesabu. Mkahawa ulijaa watu, na dada hakungoja wapungue.

“Umeme wako ni mzima,” alimwambia mwenye mkahawa. “Kosa ni langu. Nilikuwa nakata waya, jiko linazidiwa.” Akamwonyesha boksi lenye hesabu.

Yule bwana alilisoma mpaka mwisho, akatugeuzia mgongo, akaingia jikoni. Nikajua basi, tumempoteza.

Alirudi amebeba majiko mengine mawili, moja bado lina joto.

“Na haya uliyakata wewe?”

“Niliyakata.”

“Basi yapime hapahapa. Wateja watasubiri chai.”

Dada, ambaye tangu tumzike mumewe sijamwona akilia, alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akauliza soketi iko wapi.