Paa la Gari ya Papa

Gari ya Papa ilikuwa na milango miwili tu, na katikati haikuwa na nguzo ya kushika paa. Ukishusha vioo, ubavu mzima ulibaki wazi toka mbele mpaka nyuma. Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa magari hapa kijijini Kashuga, na ule uwazi aliupenda kuliko chakula. Mufanyabiashara mumoja wa madini alipofika kutoka Omate na gari mpya ya milango miwili, yenye nguzo nene kama paja, Papa alicheka mpaka akakohoa.

"Hii haina madirisha, iko na matundu!"

Yule akamjibu, "Papa, siku utapinduka njo utajua kazi ya nguzo."

Kisha vita ikarudi. Wengine wenye magari wakakimbilia Goma, na vijana ambao wangebeba mgonjwa mabegani kwa tipoyi wakajificha porini. Wakati huohuo Mama akateleza kwenye shamba la maharagwe, akavunjika nyonga. Muuguzi wa kijiji akasema apelekwe hospitali, na akatuonya tusimkunje hata kidogo. Sasa niambieni, kwenye kiti cha nyuma cha gari ya milango miwili unaingiaje bila kujikunja? Tulijaribu. Kile kilio chake, ee Mungu, sitaki hata kukisimulia.

Papa akachukua msumeno wa chuma. Akakata nguzo mbili za mbele zinazoshika kioo, kisha zile pana za nyuma. Tukaliweka paa kwenye majani, tukamshusha Mama kutoka juu na godoro lake. Mama akamtazama.

"Papa ya batoto, unaharibu gari yenye unapenda hivi?"

"Nyamaza, Mama. Ile ni chuma tu."

Chuma tu! Kumbe paa ndilo lililokuwa linashika gari yote. Kwenye mashimo ya barabara ilianza kulia, milango ikakwama, na kwenye kilima cha pili ikavunjika mgongo, tumbo likakaa kwenye matope. Mvua ikaanza. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwetu alizaliwa palepale. Papa akavua koti, akalishika juu ya uso wa Mama kwa mikono miwili. Mvua ilinyesha mpaka jioni, hakulishusha.

"Papa, wacha," nikamwambia. "Mama amekwenda."

Hakuacha.

Mimi na kaka zangu wawili tulimbeba kwa godoro lile mpaka nyumbani, tukamzika nyuma ya nyumba. Toka siku ile sijamsikia Papa akicheka, na mimi sioni cha kuchekesha katika nchi hii.

Paa lile liko juu ya kaburi. Papa alilisimamisha mwenyewe kwa miti ya kaliptusi, miwili mbele, miwili nyuma. Kaka mkubwa akamwambia, "Papa, inatosha, inashika."

Papa akachukua jembe, akachimba shimo lingine kila ubavu, akasimamisha nguzo za katikati.