Mwendo wa Herufi za Mama Erica

Pale Nkuhungu, Evodia anajulikana kwa vidole vyake. Alipoajiriwa serikalini kuwa mpiga chapa, ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja ya DOS, yenye skrini nyeusi, na ndani yake mchezo wa kujifunzia: herufi zinadondoka kutoka juu, nawe unazipiga kabla hazijagusa chini. Wenzake waliacha chai ipoe wakimtazama. Hatua ya tisa aliifikia huku akiongea na mtu mlangoni.

Sasa vidole hivyohivyo vinatetemeka. Daktari alisema ugonjwa huu haurudi nyuma. Vifungo vya blauzi anafungwa na mumewe.

Mumewe ni Batholomeo, fundi umeme mstaafu, mtu asiyeweza kukaa nyumba moja na kitu kibovu. Alipoona ugonjwa wa mkewe hautengenezeki, akautafuta ule mchezo. Aliupata kwenye diski za zamani, akaomba uhamishiwe kwenye laptopu, akaweka programu ya kuiga kompyuta za zamani. Siku ya kwanza herufi zilishuka kama mvua ya mawe, maana mashine za leo zina haraka zake. Akahangaika mwenyewe mpaka akajua: ukibonyeza vitufe vya Ctrl na F11 mwendo unapungua, Ctrl na F12 unaongezeka. Evodia akafumba macho, akasikiliza milio ya herufi zikidondoka, maana mwendo wa zamani aliukumbuka kwa masikio.

"Bado unakimbia, Baba Erica. Punguza. Tena... Hapo! Hapohapo!"

Siku hiyo alifika hatua ya tatu, akacheka mpaka akakohoa.

Wiki mbili baadaye akakwama hatua ya kwanza. Akafunga laptopu, na kutwa nzima hakuigusa tena. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kesho yake Batholomeo alizima sauti, akasema spika imekufa, akapunguza mwendo kidogo. Evodia akashinda. Wiki iliyofuata akapunguza tena. Ikawa vidole vikipungua nguvu, na mchezo nao unapunguzwa.

"Unaona?" Evodia akasema. "Dawa inafanya kazi." Akampigia simu binti yao, Erica, aliyeko Mtera. "Usiombe ruhusa kazini, mwanangu. Napona."

Batholomeo akatoka nje kumwagilia mchicha aliokwisha kuumwagilia.

Jumamosi moja jirani yao Zipora, mzaliwa wa Haneti, akaingia na bakuli la mlenda.

"Hodi humu! Ee, Mama Erica, na mvi hizo unacheza michezo ya watoto?"

"Ya watoto? Hebu kaa ujaribu. Huu umewaliza wasomi."

Zipora hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. Akakaa, akanyoosha kidole kimoja, akawa anasaka herufi mojamoja kama anayechambua mchele. Hatua ya kwanza akapita. Ya pili akapita. Alipoingia ya tano akapiga kigelegele.

"Kumbe hata mie ningeajiriwa! Mlikuwa mnaturingishia nini?"

Evodia hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Baba Erica, mwendo umeuweka ngapi?"

"Uleule."

"Baba Erica."

Batholomeo akatazama sakafu. "Nilitaka ucheke."

"Nimecheka. Nimecheka, nikakushukuru, nikamwambia mwanangu asije." Akavuta kiti mbele ya laptopu. "Urudishe."

"Mama Erica, tuache leo..."

"Urudishe ulivyokuwa."

Batholomeo akashika Ctrl, akabonyeza F12, akabonyeza, akabonyeza. Zipora hakuelewa kilichotokea, lakini akasogea pembeni. Herufi zikaanza kushuka. M ikafika chini. K ikafika chini. Kidole cha Evodia kilikuwa bado hewani, kinatafuta pa kutua, na kilipotua kilikosea. Ikashuka nyingine, na nyingine, mpaka skrini ikatangaza kuwa mchezo umekwisha. Batholomeo akataka kuifunga.

"Iache," Evodia akasema. Akaisoma skrini hiyo muda mrefu, mikono ikitetemeka mapajani.

Kisha akasema, "Zipora, nishike nisimame."

Batholomeo ndiye aliyekuwa karibu, na mkono alikuwa ameshaunyoosha. Evodia akasubiri wa Zipora.