Matundu Yaliyozibwa

Ndugu zake walisema Bi Kokoto alizaliwa na hasira, na kazi aliyoichagua ikazidi kuzichochea. Alikuwa mhandisi wa udongo. Watu wakitaka kujenga mtelemkoni walimwita achimbe, apime, awape ushauri, kisha wakafanya walivyotaka. Akiwaambia mtaro wa bomba ukae mbali na msingi, waliuchimba ubavuni mwa msingi kwa kuwa ndiyo njia fupi. Nyumba ikipasuka, simu ilikuwa kwake. "Udongo hauna ugomvi na mtu!" alikuwa akiwafokea. "Ni maji mliyoyanyima njia!" Jina la Bi Kokoto alipewa na mafundi, maana wimbo wake ulikuwa huohuo kila siku: nyuma ya ukuta jazeni kokoto, acheni matundu, maji yapite yaende zake.

Wageni aliweza kuwasamehe. Damu yake, thubutu!

Kaka yake alijenga chini ya kilima, na nyuma ya nyumba akasimamisha ukuta mrefu wa kuzuia udongo, ushauri wa mdogo wake kaufuata wote. Chumba cha mama yao kilikuwa uani, karibu kabisa na ukuta huo. Bi Kokoto mwenyewe alisimama pale kokoto zikimwagwa, akakagua matundu, akaenda zake kazini mbali roho yake kwatu.

Aliporudi, mvua ilikuwa haijapumzika kwa siku kadhaa. Alipita uani kumwamkia mama, akakwama njiani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe pe, hauna tundu hata la dawa. Katikati ulikuwa umetoka kitambi. Chini yake, kwenye msingi kabisa, ulipita mtaro mpya uliojaa maji, wa bomba la choo cha mama.

"Kaka! Hebu njoo hapa!"

Kaka mtu akatoka, mkewe nyuma yake.

"Nani kayaziba matundu?"

"Yalikuwa yanatoa maji machafu, mdogo wangu. Na wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Ufa! Walisema ufa! Hivi kichwani mwako mna nini? Kutoa maji ndiyo kazi yake! Sasa maji ya kilima kizima yamesimama nyuma ya huo ukuta, na huku mbele umeuchimba miguu. Unataka kumzika mama kwa ajili ya choo?"

Alimsema mbele ya mkewe, majirani wakasikia. Alimwita mjinga, akamwita muuaji. Kaka aliinamisha kichwa, hakujitetea hata kwa neno moja, na kimya chake kikamuudhi mdogo mtu zaidi.

Akaingia chumbani. Mama alikuwa kitandani anakunja nguo.

"Shikamoo mama. Inuka tutoke, ukuta unaanguka."

"Marahaba. Mbona mimi nauona umesimama?"

"Mama, tafadhali!"

"Tena mwache kaka yako. Fundi nilimwita mimi. Matundu yako hayo yalikuwa yananitemea tope kwenye nguo nilizoanika, na mijusi inaingia na kutoka kama kwao. Kaka yako alikataa, nikamnunia mpaka akanyamaza."

Bi Kokoto alimgeukia kaka yake aliyesimama mlangoni. Matusi yote yale ameyameza kwa ajili ya mama! Aibu ikamshika, lakini haikupata nafasi, maana huko nje kitu kililia kaa! Akamkamata mama mkono. Mama akaupokonya, akashika ubao wa kitanda.

"Basi kaa ufe!" akapiga kelele. "Kaa ufe, bibi mkaidi wewe, na mazikoni kwako sitakuja!"

Kaka mtu akaweka mkono kinywani. Katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia mzazi neno kama lile. Mama akainuka. Akajitanda mtandio, akampita binti yake bila kumtazama, akatoka kupitia nyumba kubwa kuelekea barabarani. Kaka akamfuata na fimbo ya mama.

Wote walikuwa getini ukuta ulipoanguka. Uliteleza kwanza chini, penye mtaro, kisha kilima kikaingia chumbani. Kitanda, nguo zilizokunjwa, choo kipya, vyote vikaenda na tope.

Majirani walijaa. Kila mmoja alimshika Bi Kokoto mkono, wakisema amemwokoa mama yake. Yeye hasira zake zilikosa pa kwenda. Akawapenya, akapiga magoti mbele ya kiti alichokalishwa mama.

"Mama, nisamehe. Ilikuwa lazima utoke."

Mama akamgeukia mwanawe wa kiume.

"Mwambie huyo, nimetoka kwa sababu ya lile neno, si kwa sababu ya ukuta wake."

"Mama, amekusikia."

"Basi na hili alisikie. Ukuta ungeniua mara moja tu."